Jiwe Ambalo Halikuwamo Chunguni

Jino lililoniuma kwa zaidi ya miaka thelathini lilikuwa la juu, upande wa kushoto, la nne ukihesabu kutoka katikati. Halikuniuma kila siku. Liliweza kukaa kimya miezi mitatu, minne, nikalisahau kabisa. Kisha mwezi wa sita unafika, baridi ya Lubumbashi inashuka, nafungua mlango asubuhi kwenda kunawa bombani, navuta hewa kwa mdomo, nalo linanikumbusha kwamba bado lipo. Maji ya baridi, muwa, mahindi ya kuchoma, mkate wa jana: vyote hivyo niliviacha kimoja kimoja. Nilijizoeza kutafuna upande wa kuume tu, hata leo shavu langu la kuume limejaa kuliko la kushoto, na wajukuu wangu hunicheka kwenye picha.

Watu waliniuliza mara nyingi kwa nini sikuling'oa. Nilikuwa na majibu mengi. Nilisema naogopa sindano. Nilisema kwamba mzee mmoja jirani yetu aling'oa jino akavimba hadi jicho likafunga. Nilisema sina nafasi. Ukweli ni kwamba nililihitaji lile jino. Lilikuwa shahidi wangu katika kesi ambayo niliitunga mwenyewe, na mtu hamfukuzi shahidi wake.

Lilipoanza kuniuma nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mtunza stoo katika kampani ya migodi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo siku hizo lilinipa kiburi kupita kiasi. Nilimposa binti wa familia moja ya mtaa wa Kamalondo, watu wa kanisa, watu wa utaratibu. Baba yake hakuonja pombe maishani mwake. Katika mazungumzo ya ndoa alimtuma mshenga aniulize jambo moja tu: je, nakunywa? Nilijibu kwamba nilikunywa kidogo zamani, nimeacha. Mshenga alirudi na jibu hilo, mzee akaridhika, ndoa ikafungwa.

Sikuwa nimeacha. Niliacha kunywa karibu na nyumba yao, basi.

Wale wasiojua desturi za kwetu wanapaswa kuelewa jambo hili kabla sijaendelea. Kijana akishaoa, yeye na mama wa mke wake hawaonani ovyo. Hakai naye, hali mbele yake, hafungui mdomo wake mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona. Mimi niliwahi kumwona mama mkwe wangu sokoni akijificha nyuma ya meza ya nyanya mpaka nipite, naye ni mama mnene mwenye heshima zake, na muuza nyanya anacheka mpaka anashika tumbo. Hali hiyo inaendelea hadi siku ya kulisha mukwe. Siku hiyo mama mkwe anapika kwa mikono yake vyakula vyote anavyovijua, mukwe anaitwa, anaketishwa juu ya mkeka, na anaonja kutoka kila chungu mbele ya wanawake wa ukoo. Akimaliza kula, mlango umefunguka. Kuanzia hapo anaweza kusalimia, kuketi na kula katika nyumba ile kama mtoto wake.

Mama mkwe wangu alikuwa mpishi. Sisemi kwamba alijua kupika, maana wengi wanajua. Nasema kwamba harusi ikiwa Kamalondo, au msiba, wanawake walienda kwanza kumwomba yeye ndipo wakanunue mafuta. Alijua kupikia watu mia mbili juu ya kuni, na sahani ya mwisho ya bukari, ugali wa kwetu, ikawa laini kama ya kwanza. Hakuwa na kazi nyingine wala cheo kingine. Alikuwa na jina hilo tu.

Jumamosi moja kabla ya siku yangu ya kulishwa, wenzangu wa stoo walinipeleka kwenye baa kuniaga, kama walivyosema, katika ujana. Mmoja aliniuliza, "Weye si njo ulisema uliacha?"

"Niliacha jana," nikamwambia. "Leo narudia, kesho naacha tena."

Walinicheka. Nilikuwa na sifa moja mbele yao: nilifungua chupa kwa meno. Nilikuwa nikiweka kizibo kwenye jino hilo la nne, nageuza shingo kidogo, na kizibo kinaruka. Mhudumu wa baa alikuwa akisema, "Meno ya huyu iko bora kupita desapsileri yetu ya kufungulia chupa, tumuweke ku ukuta." Usiku ule nilifungua chupa za meza nzima. Kwenye chupa ya sita au ya saba nilisikia ndani ya kichwa sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Sikusikia maumivu, pombe ilikuwa imeyafunika. Asubuhi nilipotia maji mdomoni ndipo nilipojua kwamba jino limepata ufa. Nilinyamaza. Nilijiambia litapona lenyewe, kama kidole.

Siku ya kulishwa ilifika. Ua ulikuwa umefagiwa mpaka udongo unang'aa. Niliketi juu ya mkeka, mshenga upande mmoja, ndugu yangu upande mwingine. Mama mkwe alikaa mlangoni pa jikoni, ametupa mgongo, kitenge kimefunika kichwa. Mdogo wake ndiye aliyefunua vyungu, kimoja baada ya kingine, akivitaja kwa sauti: "Hii njo sombe ya muhogo, mukwe. Hii njo samaki ya Luapula. Hii njo maharagi, hii njo kuku muzima, usiende kusema ku benu kama hatukukulisha!" Wanawake wakapiga vigelegele kila kifuniko kilipoinuliwa.

Nilikula kwa upande wa kuume, kwa tahadhari, na chakula kilikuwa kitamu ajabu. Kisha nikapewa paja la kuku. Macho yote yalikuwa kwangu, nikasahau, nikang'ata kwa nguvu upande wa kushoto. Nyama ilikuwa laini, ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Lakini jino lilikuwa limekwisha kupasuka tangu ile Jumamosi, na hapo likagawanyika. Kipande kilibaki juu ya ulimi wangu.

Mtu hatemi mbele ya mama mkwe. Nilimeza kipande cha jino pamoja na nyama. Machozi yalinitoka yakashuka hadi kidevuni, na wanawake wakashangilia zaidi. "Pilipili inamushika mukwe!" mmoja akapiga kelele. "Mupatie mayi!" Wakaniletea maji ya baridi ya mtungi. Niliyanywa. Sijawahi kunywa kitu kikali kama yale maji.

Jioni, nyumbani, mke wangu aliona shavu langu.

"Baba, unavimba. Iko nini?"

Ningeweza kumwambia hapo. Tulikuwa wawili tu, mwenye kosa nilikuwa mimi peke yangu, na kosa lenyewe lilikuwa la kijana. Lakini nilimfikiria baba yake na lile swali lake moja. Nikasema, "Nimeng'ata jiwe."

"Jiwe gani?"

"Ndani ya chakula ya mama yako."

"Jiwe? Iko wapi?"

"Nilimeza. Ulitaka niteme mbele yake?"

Mukwe wa adabu angefanya hivyohivyo, naye alilijua hilo. Desturi yenyewe ilinikinga. Hakuna ambaye angeniuliza jiwe, na hakuna ambaye angeweza kusema halikuwapo.

Kama jambo lingebaki kati yetu wawili, labda lingekufa. Lakini kesho yake dada yangu mkubwa alikuja kutujulia hali, akaliona shavu, akauliza, nami nikarudia maneno yaleyale. Uongo ukishasemwa mara ya pili unakuwa na miguu. Dada yangu hakuipenda familia ile tangu mwanzo. Aliona wanajidai watakatifu. Alisema, "Jiwe mu chakula ya mukwe haiingiake bure. Iko na maana." Sikumkanusha. Baada ya majuma mawili, wanawake wa Kamalondo walikuwa wanasema kwamba yule mama alimwekea mukwe wake jiwe kwenye chungu, kwamba hakuitaka ndoa ile, kwamba mdomoni anasali lakini moyoni ana kitu.

Mama mkwe hakuja kujitetea. Alifanya kile ambacho mtu mnyofu hufanya akiambiwa amemuumiza mwingine: aliamini. Alidhani kweli jiwe lilimpita machoni. Alimtuma mdogo wake kwangu na kuku mweupe, kuomba radhi kwa jiwe ambalo halikuwamo. Mdogo wake alipiga magoti sebuleni kwangu akasema, "Mama yako anasema, mikono yake ilikosa, roho yake haikukosa."

Nilimpokea yule kuku. Nikamchinja, nikamla. Nimefanya makosa mengine maishani, mengine hata makubwa mbele ya sheria, lakini lile ndilo linalonijia nikiwa nimekaa peke yangu.

Baada ya hapo sikula tena katika nyumba ile. Nilikuwa nafika, nasalimia, nakaa, nikiletewa sahani nasema, "Nimeshiba, Mama." Nilikuwa naogopa kwamba nikila na kufurahi watajua. Wao walielewa kwamba nimekataa. Na watu wakiona mukwe hali kwa mama mkwe wake, wanathibitisha yale waliyoyasikia. Mwaka huo harusi ya kwanza ilipita bila yeye kuitwa, kisha ya pili. Waliokuja kumwomba walikuja wakiwa wachache, kisha hawakuja. Vyungu vyake vikubwa, vile vya kupikia watu mia mbili, alivigawa. Mke wangu aliniambia siku alipovigawa. Nilikuwa nasoma gazeti. Nilisema, "Aa, mama anazeeka, apumzike." Alikuwa hajafika miaka hamsini.

Lipo jambo jingine, na nisipoliandika nitakuwa nimejipunguzia kosa. Katika miaka yote hiyo, mimi na mke wangu tulipogombana, na nikaona kwamba haki iko kwake, nilikuwa naweka kiganja juu ya shavu la kushoto. Sisemi neno. Kiganja tu. Naye alikuwa ananyamaza, kwa sababu kiganja kile kilimkumbusha kwamba nyumba yao iliniumiza na mimi nikavumilia. Mara nyingine jino lilikuwa linauma kweli. Mara nyingine halikuwa linauma hata kidogo.

Mwaka jana, mwezi wa sita, halikunyamaza tena. Shavu lilivimba, nikashindwa kulala, nikashindwa hata uji. Mke wangu alinichukua kwa nguvu hadi kliniki moja ndogo kwenye njia ya Kasapa, kwa daktari wa meno, msichana ambaye angeweza kuwa binti yetu wa mwisho. Mke wangu aliingia pamoja nami na kukaa kwenye kiti cha ukutani, mkoba magotini.

Daktari aliniangalia muda mrefu kwa kioo chake kidogo. Aligonga jino, nikaruka. Alinipiga picha, akaiangalia kwenye mwanga.

"Papa, hii jino iko na ufa ya zamani sana, inapanda mpaka ndani ya muzizi. Sijue namna gani uliikalia miaka yote. Ilivunjika namna gani?"

Nilimsikia mke wangu akijibu kabla yangu, kwa sauti ya mtu anayeungama: "Ilikuwa jiwe, docteur. Mu chakula. Chakula ya kwetu."

Daktari alicheka, bila ubaya, cheko la mtu anayejua kazi yake. "Jiwe? Mama, jiwe inavunjaka jino ya nyuma, ile ya kusagia. Hii iko na alama ku pembeni, na ya jirani yake iko na alama vilevile. Vijana bananiletea hizi kila juma. Papa, sema kweli. Hii jino ilifungulaka chupa ngapi?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi, taa usoni. Nilikuwa na nafasi ya kucheka na kusema labda, zamani, mambo ya ujana, lakini jiwe pia lilikuwepo. Sentensi hiyo ilikuwa tayari. Niligeuza kichwa nikamwona mke wangu. Hakuwa ananiangalia kwa hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliye kwenye foleni.

"Nyingi," nikasema. "Jiwe haikukuwa."

Daktari alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akaelewa kwamba ameingia katika nyumba isiyo yake. Akaandika dawa za kutuliza uvimbe na kusema nirudi baada ya siku saba ang'oe.

Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia. Mke wangu alitangulia kuingia nyumbani. Alivua viatu, akaweka mkoba, akasimama katikati ya jikoni.

"Mama yangu aliacha kupika," akasema.

"Najua."

"Hapana, haujue. Weye ulikuwa unasoma gazeti."

Nilianza kumwambia kwamba nitatafuta mtu wa kunisemea, kwa sababu mukwe hapeleki kosa lake mwenyewe, anatuma mtu. Mshenga wetu alikuwa amefariki zamani. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe angeweza kunitangulia kwa mama yake.

"Miye?" akasema. "Miaka thelathini nilibeba jiwe yako ku kichwa. Sasa utajibebea. Mama iko ku nyumba. Macho haione muzuri, lakini masikio iko."

Nilienda siku ya tano, shavu bado limevimba kidogo. Sikungoja jino ling'olewe, maana ninajijua: likishatoka na maumivu yakaisha ningeahirisha tena. Nilibeba kuku mweupe. Watu wa mtaa walinitazama, mzee mwenye mvi na kuku kwapani, wakadhani naenda kuposa mke mdogo. Muuza kredi ya simu mmoja aliniambia hivyo waziwazi: "Papa, bado unatafuta?"

Mama mkwe alikuwa uani, juani, kwenye kiti cha plastiki, shuka magotini. Ana zaidi ya miaka themanini sasa, amepungua, yule mama mnene aliyejificha nyuma ya nyanya amebaki mifupa na sauti. Nilikaa chini, juu ya udongo. Alishtuka.

"Nani anakaa chini? Mukwe? Kamata kiti."

"Hapa panatosha, Mama."

Nilimwambia yote. Baa, chupa, sauti ya kijiti kikavu, paja la kuku, uongo wa kwanza na wa pili, kuku wake mweupe niliyemla. Nilisema polepole, kwa sababu shavu lilikuwa zito. Hakunikatiza. Nilipomaliza, yule kuku niliyemfunga alikuwa ameanza kupekua udongo kwa mguu mmoja, na mama mkwe akageuza sikio kumfuata.

Kisha akauliza, "Ile kuku ya siku ile. Ilikuwa namna gani?"

"Mama?"

"Nauliza ku mudomo. Ilikuwa na chumvi? Ilikuwa imeiva? Siku ile hakuna muntu aliniambia. Bote balisema jiwe, jiwe. Miye niliamuka saa tisa ya usiku juu ya ile kuku."

Nilimwambia kwamba nyama iliachia mfupa yenyewe. Kwamba mchuzi ulikuwa mzito na nyanya hazikuonekana ila ladha yake ilikuwepo. Kwamba maharagwe yalikuwa na kitu ambacho hadi leo sijui ni nini.

"Karanga kidogo, ya kukaanga na kutwanga," akasema. "Bantu habajue."

Nikadhani amenisamehe. Nilikuwa mwepesi kudhani hivyo. Akageuza uso wake kwangu, macho yenye ukungu, akasema kwa sauti ileile isiyopanda: "Ulisema mu sikio ya dada yako, ikatembea ku bantu. Leo unakuya kusema mu sikio yangu, unataka itembee wapi? Miye sina miguu."

"Mama, nifanye nini?"

"Mwezi wa nane tunalisha mume wa mujukuu wangu, binti yako. Banamuke bote batakuwa hapa. Utasema mbele yao, mu mudomo yako, si mu mudomo ya muntu mwingine. Na kuku yako urudishe, sitaki kuku."

Nilirudi na kuku wangu. Yule muuza kredi aliponiona akapiga mluzi: "Bamekatala, Papa? Pole!"

Siku ya saba jino liling'olewa. Lilitoka kwa vipande viwili, na daktari alisema lisingetoka kwa namna nyingine. Nilitegemea kwamba maumivu yangeisha siku hiyo. Hayakuisha. Hadi leo, asubuhi za baridi, pengo linauma mahali ambapo hakuna kitu. Daktari anasema neva inakumbuka, kwamba jino likiugua muda mrefu hivyo mfupa unachelewa kuelewa kwamba limeondoka. Nimeamua kutolalamika. Siweki tena kiganja shavuni. Nikisahau na mkono ukapanda wenyewe, mke wangu ananitazama na mkono unashuka.

Mwezi wa nane ulifika. Mama mkwe hakuweza tena kusimama kwenye moto, lakini aliwekewa kiti chake mlangoni pa jikoni, na binti zake na wajukuu walipika huku yeye akiwaongoza kwa pua. Alikuwa anavuta hewa na kusema kitunguu kinaungua kabla yule aliyekishika hajaona. Mukwe mpya, kijana mwembamba anayefundisha chuo, alikaa kwenye mkeka akiwa na hofu zote ambazo nilikuwa nazo siku ile, isipokuwa moja.

Kabla vyungu havijafunuliwa nilisimama. Wanaume hawasemi mbele ya wanawake siku ile, kwa hiyo minong'ono ilianza hapohapo. Wanawake walikuwa kama arobaini, wengi vijana. Katika wale wa zamani walibaki wanne au watano, na dada yangu hayupo tena duniani. Nilisema, "Miaka mingi iliyopita nilikaa juu ya mkeka kama huu katika ua huu. Nikasema nimeng'ata jiwe. Hakukuwa na jiwe. Jino langu nililivunja mwenyewe kwenye baa, nikifungua chupa, na nilikuwa nimeahidi kwamba sinywi. Chakula cha mama huyu kilikuwa safi. Wale waliosikia maneno mengine, waliyasikia kutoka kwangu."

Nilitegemea kelele. Badala yake msichana mmoja nyuma akauliza mwenzake, si kwa sauti ndogo, "Jiwe gani?" Hawakuwa wanajua. Hadithi ilikuwa imekufa pamoja na wale walioisema. Kilichobaki kilikuwa matokeo yake tu: mama mzee ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa mpishi.

Lakini mmoja wa wale wa zamani, mama wa kanisa mwenye fimbo, aliinuka kwa shida. Alinitazama toka juu hadi chini. "Papa wee," akasema, "na sura yako yote ya shule." Wanawake wakacheka, na ilikuwa haki yao. Kisha akavuka ua polepole hadi mlangoni pa jikoni, akashika mkono wa mama mkwe wangu.

"Dada, miye nilikuwa mu wale. Harusi ya mutoto yangu ya kwanza sikukuita. Nilipikisha ku bengine, bukari ikatoka na mabuje, mabonge-mabonge, bantu banacheka mpaka leo."

"Nilisikia," mama mkwe akasema.

"Mujukuu wangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Nakuomba, kuya utupikie."

Mama mkwe aliinua mikono yake miwili kutoka magotini, akaitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri. Vidole vimepinda.

"Mungekuya wakati hii ilikuwa mikono," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemjibu mteja kwamba bidhaa imekwisha. Yule mama wa fimbo alianza kulia, na mke wangu, aliyekuwa ameshika kifuniko cha chungu cha kwanza, alinitazama mara moja tu juu ya vichwa vya watu.

Baada ya kitambo mama mkwe akamwambia yule rafiki yake, "Acha kulia, utatia chumvi. Mulete huyo mutoto mwenye kuolewa. Akuye kila siku ya posho, Jumamosi asubuhi, asikuye na kucha ndefu. Nitakaa, atapika, miye nitasema. Akisikia, harusi itakula. Asiposikia, mutakula mabuje tena."

Kisha akawageukia wale wa jikoni na kuwauliza wanangoja nini, mukwe ana njaa.